Kabati la Bad Tölz na kabati la Appenzell
Makabati haya mawili ya kale yalitengenezwa kwa mbao laini za jamii ya msonobari, na rangi ndiyo iliyoipa mbao hiyo ya bei nafuu hadhi. Kufanana kwake kunaishia hapo. Bad Tölz, mji wa Bavaria, Ujerumani, ulio kando ya mto Isar, ulikuwa na maseremala wengi waliosafirisha samani zao kwa vyelezo vya magogo hadi München. Kwa hiyo kabati lake, lenye usuli wa buluu na mawaridi yaliyochorwa kwa mkono mwepesi, ni kazi ya fundi aliyezoea soko. Kabati la Appenzell, Uswisi, la mwishoni mwa karne ya 18, husimulia maisha ya mahali pake: mara nyingi milangoni huonekana wafugaji wakipandisha ng'ombe malishoni, na juu pameandikwa jina la mwenyewe na mwaka. Mimi ningechagua hili la pili, hata kama mawaridi ya Tölz hupendeza macho upesi zaidi.

Kwa yote mawili, tazama kwanza pembeni mwa tundu la ufunguo: rangi ya asili huwa imelika pale vidole vilipogusa kwa vizazi, ilhali iliyopakwa upya aghalabu huwa imekaa sawasawa kila mahali.