Bi mkubwa hali vya watu: miezi mitatu ya kula Clarkston na Buford Highway

Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Handeni, sanduku moja zima lilikuwa chakula. Dagaa wakavu, unga wa muhogo, pilipili manga, karafuu, na chupa ya samli aliyoizungushia mifuko mitatu kisha akaifunga kwa kitambaa cha kanga. Ofisa wa forodha uwanja wa ndege wa Atlanta alifungua, akanusa dagaa, akafunga upesi. Ndani ya gari nikamwambia, "Mama, huku kuna chakula cha kila taifa, utachoka mwenyewe." Akanijibu bila kunitazama: "Mimi sikuja kula vya watu, baba."

Kwa hiyo masoko na migahawa nitakayoieleza haikupimwa na ulimi wangu peke yangu. Ulimi wangu ulishaharibika. Nimefanya zamu za usiku kwenye kiwanda cha kuku Gainesville, na mtu akitoka pale saa kumi na mbili asubuhi hula chochote kisichokuwa kuku. Mwamuzi ni bi mkubwa, mwenye miaka sitini na tisa, asiyekula nyama mpaka ajue imechinjwa vipi, na asiyeamini mpishi ambaye hajamwona uso.

Kwa wasioijua Clarkston: ni mji mdogo pembeni mwa Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani, kaunti ya DeKalb, watu elfu kumi na nne na ushee tu. Treni ya mizigo inapita katikati yake, na ikipita hakuna wa kuvuka, unazima injini unasubiri. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 mashirika ya wakimbizi yaliona fleti za bei nafuu zimebaki tupu na usafiri wa umma uko karibu, yakaanza kuleta watu hapa. Ndiyo maana leo ukienda kutupa taka unasalimiwa kwa lugha nne. Jengo letu lina Wakongo wa Fizi na Uvira waliozeekea kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, wana Kiswahili chao kitamu cha "bugali na sombe". Mama siku ya kwanza alibishana na jirani robo saa kama ile ni sombe au kisamvu. Jirani alimaliza ubishi kwa kuleta bakuli. Mama akala, akasema, "Kisamvu hiki kimetwangwa vizuri." Hakukubali jina mpaka anaondoka.

Nilianzia sokoni, maana nilijua mgahawa angeukataa. Your DeKalb Farmers Market iko Decatur, ipo tangu 1977, na usiidharau kwa hilo neno soko: ni ghala kubwa lenye bendera za mataifa zikining'inia darini na baridi ya kuvaa sweta hata Julai. Mama alijitanda kanga mbili juu ya sweta, akawa anatembea shingo juu akitafuta bendera yetu. Wafanyakazi wanavaa beji zenye lugha wanazozungumza. Kwenye samaki tulikuta kijana ambaye beji yake ina Kiswahili, akasema "Shikamoo mama" kabla hatujafungua kinywa. Pale pale mama akamkabidhi kazi ya kumchagulia samaki aina ya changu.

Kwenye mihogo ndiko kulikokuwa na kesi. Aliushika muhogo, akaukwangua kwa ukucha, kitu cheupe kikabaki kwenye kidole. "Huu wameupaka mshumaa?" Kweli wanaupaka nta ili usikauke njiani. Akaurudisha, akachukua mwingine, akaukwangua, akaurudisha. Mwishowe alinunua mitatu, akaimenya nyumbani kwa hasira, ikachemka ikawa laini kabisa. Kimya chake mezani nilikihesabu kuwa nyota nne. Onyo moja: kupiga picha mle ndani hairuhusiwi, usitoe simu ukaja kuaibika.

Mgahawa wa kwanza aliokubali kukaa ulikuwa wa Wanepali. Sitataja majina ya hii midogo, kwa sababu inabadilisha vibao kila mara. Ingia kwenye maduka yaliyopangana, fuata harufu. Wengi wao hapa ni watu wa Bhutan wenye asili ya Kinepali, waliofukuzwa kwao, wakakaa kambini Nepal karibu miaka ishirini, wakaanza kuletwa Marekani mwaka 2008. Chakula chao cha kuanzia ni momo: unga umesukumwa mwembamba, umekunjwa kama kifuko, ndani kuna nyama au kabeji, unapikwa kwa mvuke. Tuliagiza za mboga. Mama aliipasua ya kwanza akaichungulia ndani kama anayetafuta mdudu. Kisha akachovya kwenye achari yao ya nyanya na ufuta, na hapo ndipo alipobadilika, maana achari ni neno la kwetu. "Kumbe hawa wanajua achari!" Zilikuwa kumi sahanini, mimi nilipata tatu. Kasoro: huduma ni taratibu mno, na ukisema unataka kali wanakuletea kali ya kwao kweli. Usijitie ushujaa.

Sasa Wahabeshi. Hapa nitakaa kidogo.

Nilimpeleka siku ya Ijumaa kwa makusudi. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, siku hizo hawagusi nyama, maziwa wala mayai, kwa hiyo kuna sinia ya mfungo ambayo hata mwenye wasiwasi wa machinjo anakula kwa amani. Inakuja injera, mkate wao laini, pana kama ungo mdogo, na juu yake vilima vya rangi: dengu nyekundu zenye berbere, yaani viungo vyao vya pilipili, shiro ya unga wa dengu, majani ya kukaanga, kabeji na karoti, viazi sukari vyekundu. Uma hakuna. Hilo lilimfurahisha, tayari alikuwa ameshamnong'oneza mhudumu amwoneshe pa kunawa. Lakini injera yenyewe alipoionja alikunja uso. "Chapati ya maji iliyolala," akasema. Ni kweli inachachushwa siku kadhaa, ule uchachu ndio wenyewe. Akala kwa heshima, kidogo kidogo, mpaka alipofika kwenye shiro akaacha heshima.

Mwenye mgahawa, mama wa makamo, alikuwa anatutazama kutoka jikoni. Alikuja, akanawa, akakata kipande cha injera, akakikunja na dengu na majani, akakisogeza mdomoni kwa mama. Wenyewe wanaita gursha. Ni upendo, na ukikataa umemvunjia mtu uso. Mama alinitazama kwa macho ya kuomba msaada. "Mwambie mimi si bi harusi." Sikumwambia. Akafumba macho, akafungua mdomo. Tonge lilikuwa kubwa hata hakuweza kusema kitu kwa dakika nzima, naye yule mama akawa anacheka huku amemshika bega.

Halafu kahawa. Wanakaanga buni mbele yako, moshi wanakupitishia puani, na pembeni wanafukiza ubani kwenye kichetezo. Ubani ule ule. Mama alikaa wima. Akavuta kanga, akaufukiza upindo kidogo kama anavyofanya nyumbani siku ya maulidi, na hakuna aliyemshangaa. Kahawa inakuja na bisi, tena kwa awamu tatu: ya kwanza abol, ya pili tona, ya tatu bereka, yaani baraka. Mhudumu alipotufafanulia hilo la tatu, mama akasema, "Hiyo nimeielewa," akasogeza kikombe. Tulitoka mle baada ya muda wa saa tatu nzima. Usiende Wahabeshi ukiwa na zamu jioni.

Ukitaka kahawa ya kuondoka nayo mkononi, ipo Refuge Coffee, ilianza 2015 kwa gari jekundu la kuuzia kahawa, ikatua kwenye sheli ya zamani pale mjini, na inawafundisha kazi wakimbizi. Kahawa nzuri, viti vya nje vizuri zaidi. Mama alisema haina tangawizi, tukaishia hapo.

Buford Highway ni safari nyingine, kaskazini, kupitia Chamblee na Doraville. Barabara ni pana ya njia saba, magari yanakimbia, na sehemu nyingi njia ya miguu ni jina tu. Nendeni kwa gari, na ukishaegesha usijaribu kuvuka kwa miguu kwenda upande wa pili. Wavietnamu, Wakorea, Wachina na Wameksiko wamejipanga bega kwa bega maili baada ya maili, kwenye majengo mafupi ambayo kwa nje hayatamanishi. Nyama ya huko sehemu nyingi si halali, kwa hiyo sisi tulikula vya baharini na mboga, na hukumu yangu ina upungufu huo. Wavietnamu wana supu ya tambi yenye majani mabichi na ndimu, ambayo mtu aliyezoea supu ya asubuhi Tanga ataielewa bila mkalimani. Mama hakuielewa. Supu bila chapati kwake ni dawa.

Lakini Plaza Fiesta, lile jengo la maduka ya Walatino pale Chamblee, lilimteka. Si kwa mgahawa, kwa vitafunwa. Kuna embe lililokatwa vipande, likanyunyiziwa pilipili na ndimu. Kuna mahindi yenye ndimu na pilipili, ila wanayapaka mayonezi na jibini. Mama alizuia mkono wa muuzaji kabla ya mayonezi. Hakujua Kihispania, yule hakujua Kiswahili, walielewana kwa kidole: hii weka, hii acha, hii ongeza. Kisha akaona dumu la kioo lenye maji ya kahawia, akauliza ni nini, akapewa aonje. Ukwaju! Alikunywa glasi mbili kubwa na kunieleza, kana kwamba mimi ndiye mgeni, kwamba ukwaju wao wanaupunguza makali kwa sukari nyingi mno.

Kulikuwa na mahali pabaya pia, nisidanganye. Sehemu moja inayojitangaza kwa chakula cha Afrika Mashariki ilituletea ugali uliopashwa moto ukawa na ganda juu, maharage ya kopo, na risiti iliyokwishaongezwa bakshishi ya asilimia 18. Mama alidhani bakshishi ni kosa la hesabu, akataka nikawaeleze. Nilipomwambia ndiyo desturi, aliuliza, "Wamenipa nini mpaka niwazawadie?" Nililipa. Njiani hatukuzungumza.

La mwisho nililiacha makusudi, kwa sababu nilidhani halina jipya: mkahawa wa Wasomali. Huko mimi huenda siku zote, ndiko nyama ni halali bila maswali. Wali wenye iliki na mdalasini, mbuzi aliyelainika mpaka mfupa unatoka wenyewe, basbaas, pilipili yao ya kijani ya kusaga, inayotoa jasho utosini, na pembeni ndizi mbivu nzima. Wageni wengine huiweka ile ndizi kando wakidhani ni tunda la mwisho. Mama aliimenya akailia na wali moja kwa moja kama pilau ya kwetu. Chai inakuja na maziwa na hiliki, tamu kupita kiasi. Wanaume wamejaa wakibishana kuhusu mpira, lakini ukiwa na mama yako wanakupisha meza ya ukutani.

Tukiwa tunakula, dada yake mama akapiga simu kutoka nyumbani. Sisi ni Wazigua, na kwa simu za ndugu mama hatumii Kiswahili. Alikuwa akipaza sauti kama watu wa kijijini wanavyofanya, wakidhani umbali unataka nguvu. Mezani nyuma yetu alikuwepo bibi mmoja mwenye shungi la kahawia na mjukuu. Nikamwona anaacha kutafuna. Mama alipokata simu, yule bibi akamsemesha. Kwa Kizigua.

Historia yake naijua kwa kuisoma. Karne ya 19 Wazigua wengi walipelekwa utumwani pwani ya Somalia, wakaja kuishi kandokando ya Mto Juba, wakashika lugha yao vizazi na vizazi. Vita ya 1991 ikawatoa, wakajaa kambi za Kenya, na kuanzia 2003 Marekani ikawachukua maelfu, baadhi wakaletwa hapa hapa Clarkston. Wengine walirudi Handeni, wakakaa makazi ya wakimbizi ya Chogo na kupewa uraia. Yote hayo niliyajua, na miaka minne nimekula kwenye mkahawa ule bila kufikiri kwamba meza ya jirani inaweza kuwa ya kwetu. Mimi nazungumza Kiswahili na wahudumu.

Walisogeza viti. Cha bibi kimechanganyika na Kisomali, cha mama kimechanganyika na Kiswahili, kila baada ya sentensi chache mmoja anauliza neno. Lakini kulikuwa na maneno ambayo mama alishika mdomo aliposikia. Alisema hayo aliyasikia mara ya mwisho kwa bibi yake. Mbuzi alipoa. Mhudumu alikuja mara mbili kutaka kuondoa sahani, mara ya pili nikamwomba atuache na alete chai nyingine.

Tangu hapo Jumamosi zote zilizobaki tulikula pale, saa tano kabla watu hawajajaa, na mama hakuuliza tena kuhusu machinjo. Alirudi Handeni na sanduku la kilo 23: berbere, ubani wa Wahabeshi, na simu ya yule bibi imeandikwa nyuma ya kadi ya kliniki. Siku hizi akinipigia, salamu ya kwanza si yangu. Nami nikienda peke yangu yule bibi huniuliza kwa Kizigua kwa nini nimekonda, najibu kwa Kiswahili, naye anamwambia mhudumu aniwekee ndizi ya pili.