Nyota tatu na nusu kwa shule ya binti yangu, hapa Ibanda, Bukavu, Kongo

Wateja wangu wengi ni watoto wa shule. Asubuhi nawabeba wawili wawili kwenye moto, yaani pikipiki yangu, mikoba imebanwa katikati, kutoka Kadutu mpaka Nyawera, mpaka Muhungu, mara nyingine nafika Nguba. Kwa hiyo kila Agosti wazazi wananiuliza swali lile lile: "Motari, wewe unazizunguka shule zote, nzuri ni ipi?" Shule nyingi nazijua mwisho getini. Hii moja naijua mpaka ndani, binti yangu ana mwaka wa pili pale. Jina silitaji, maana nitasema na mabaya yake, na minervali, ile ada ya shule, bado naipeleka huko huko. Ni ya binafsi, dola 25 kwa mwezi, bila kuhesabu sare ambayo lazima uinunue kwao hata kama fundi wa jirani yako anashona vizuri zaidi.

Yanayoonekana nitayasema haraka. Vyoo ni safi. Walimu wanafika kwa saa. Mvua ikinyesha njia ya kuingilia inakuwa sabuni, mimi mwenyewe nimeanguka pale na moto mara moja. Kifaransa wanafundisha kwa nguvu. Tulimtoa binti shule ya serikali kwa sababu baada ya elimu ya msingi kufanywa bure mwaka 2019 darasa lake lilifika watoto zaidi ya 70, wanne kwenye benchi. Hapa wako 38. Tulidhani 38 watatosha kumaliza shida yake.

Shida yake ni sikio. La kushoto halisikii kabisa, la kuume ni zima. Tuliligundua kwa honi. Nikirudi nyumbani napiga honi mara mbili kabla ya kuzima moto. Kaka yake anakuja mbio moja kwa moja. Yeye naye anasikia, anaruka kwa furaha, halafu anakimbilia upande wa pili, kule kwa jirani, ananitafuta kule. Tulicheka miezi mingi, tukidhani anatuchezea. Daktari ndiye alitueleza: mwenye sikio moja sauti anaipata, ila hajui inatoka wapi. Akasema huenda ni yale matubwitubwi aliyougua akiwa na miaka 4, yakapita na sikio. Siku ya kipimo walimvalisha vifaa masikioni, akaambiwa ainue mkono kila akisikia mlio. Kwa sikio la kuume mkono ulipanda na kushuka kama wa polisi wa barabarani. Walipohamia la kushoto mkono ukalala juu ya goti, ukabaki pale. Mama yake alikuwa amekaa pembeni, nikaona vidole vyake yeye vinataka kuinuka kwa niaba ya mtoto.

Lakini hapo nimeruka mbele. Kabla ya daktari kulikuwa na mwalimu. Biletini ya kwanza, ile karatasi ya alama, ilikuja na dikte (imla) mbili kwa kumi na neno moja pembeni: hatulii. Nikaenda kumwona. "Papa, huyu mtoto ni kichwa nguvu. Namuita, ananiangalia tu, kisha anaendelea na mambo yake." Sikubishana naye. Kusema kweli hata nyumbani tulishamwita kichwa nguvu, na mara mbili nilimchapa kwa hilo. Hayo siyaweki kwenye hesabu ya shule, ni yangu.

Tulipopata karatasi ya daktari nikaipeleka kwa direktere, mkuu wa shule. Hapo ndipo shule ilipopoteza nyota yake ya kwanza. Alisoma, akaikunja vizuri, akaniambia kwa upole: "Baba, kwa watoto wa namna hii kuna shule za viziwi." Nikamjibu mtoto wangu si kiziwi, anaimba kwaya. Akasema atalifikiria. Wiki tatu alilifikiria. Nikarudi na simu yangu, nikamwonyesha kwamba nchi ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu, na shule imo. Akaisoma mpaka chini kabisa, akanirudishia simu, akasema ni sheria nzuri.

Binamu yangu anaishi Uingereza, nikampigia nikiwa na hasira. Akaniambia kule kila shule ya serikali lazima iwe na mwalimu mmoja aliyepewa kazi ya kufuatilia watoto wenye mahitaji kama haya, na mzazi asipokubaliana na uamuzi wa wakubwa kuhusu msaada wa mtoto wake anaweza kufika mpaka mbele ya baraza la kisheria. Nikacheka. Hapa kwetu mahakama ni ya viwanja. Lakini alisema jambo lingine: usiwaombe "wamsaidie mtoto", hilo kila mtu atakubali na hakuna atakachofanya. Waambie wafanye nini, nani, saa ngapi. Na uandike.

Nikaomba kikao kupitia komiti ya wazazi. Mwenyekiti wao ni mama mmoja anayeuza vitenge Kadutu, mtu asiyependa maneno mengi, alikiita ndani ya siku nne. Tulikuwa watano: yeye, direktere, mwalimu, mke wangu na mimi. Kabla hatujaanza direktere alisema tatizo limeisha, mtoto ameshahamishiwa benchi la mbele. Ni kweli, walikuwa wamemhamisha. Tukaenda darasani kuangalia. Benchi la mbele, ndiyo, lakini upande wa kuume, ukutani penye dirisha. Yaani sikio lake zima lilikuwa linatazama barabara, moto na magari yote ya pale yanapita ndani yake, na sikio lililokufa ndilo lilielekezwa kwa mwalimu. Walimsogeza karibu na ubao na kumtoa kwenye somo siku hiyo hiyo.

Nilichukua risiti ya minervali, nikachora nyuma yake: ubao, meza ya mwalimu, mabenchi, duara ndogo kwa kichwa cha mtoto na mshale kwenye sikio la kuume. Nikaihamisha duara mpaka ukuta wa kushoto. Mwalimu akauangalia muda mrefu ule mchoro. Akainuka, akaenda kukaa yeye mwenyewe kwenye benchi la dirishani, akaziba sikio la kushoto kwa kiganja, akamwomba direktere asome kitu. Direktere akasoma orodha ya wanafunzi. Mwalimu akasema, "Hapa mimi pia ningekuwa kichwa nguvu."

Kuanzia pale kikao hakikuchukua hata nusu saa. Tuliandika mambo matatu kwenye daftari, wote tukatia sahihi. Atakaa mbele kushoto. Dikte itasomwa mwalimu akiwa amesimama mbele, asitembee kati ya mistari, maana akipita nyuma yake maneno yanapotea. Na mvua ikipiga mabati, kile kinachosemwa kiandikwe ubaoni. Madarasa yale hayana dari, na ninyi mnaijua mvua ya Bukavu: hata mwenye masikio mawili hasikii kitu. Hakuna kati ya hayo matatu lililoomba hata franc moja.

Daftari lenyewe linakwenda na kurudi ndani ya mkoba. Mwalimu huandika mstari mmoja, nasi tunajibu. "Leo mvua, tumefanya ubaoni." "Leo hakutaka kusoma kwa sauti." Mwezi wa Februari kuna kurasa kumi nyeupe, na biletini ya wakati ule inajionyesha yenyewe. Nilipouliza, mwalimu alisema ukweli, alichoka. Dikte sasa ni sita, mara nyingine saba. Hesabu haijabadilika, hesabu hakuwahi kuiweza, na sikio halina kosa hapo.

Kwa hiyo: nyota kamili kwa mwalimu, na moja kwa yule mama wa vitenge. Moja kwa vyoo na kufika kwa saa. Nusu kwa direktere, kwa sababu mwishoni alisoma ile orodha bila kukasirika. Kama mtoto wako haoni vizuri au hasikii vizuri unaweza kumpeleka, ila usingoje biletini, omba kikao wiki ya kwanza. Kama hawezi kupanda ngazi usijaribu. Madarasa ya tano na ya sita yako juu, na hakuna aliyetaka kuongea nami habari za kuyashusha.

Septemba binti anaingia la tano, kwa mwalimu mwingine. Ile risiti nimeshaipeleka Nyawera ikafunikwa na plastiki, kwa franc 1.000, na iko kwenye mkoba wa moto pamoja na vitambulisho vyangu.