Viti vya ngozi vya pikapu iliyotumika: nini ununue kwanza, nini ukiache

Fungua mlango wa dereva, kisha tazama ukingo wa nje wa kiti, ule unaosuguliwa na paja kila mtu anapopanda na kushuka. Hapo ndipo kiti kinapotoa habari zake zote. Kama panang'aa, usifurahi. Ngozi ya gari ikitoka kiwandani huwa imefifia kidogo, haina mng'ao. Unachokiona ni jasho, mafuta ya mwili na vumbi vilivyogandamana miaka na miaka, na chini ya gamba hilo rangi inaendelea kulainika na kumomonyoka.

Ndiyo maana orodha hii haianzi na mafuta ya kulainisha, ingawa ndiyo wanunuzi wengi huyakimbilia. Ukipaka mafuta juu ya uchafu, unaufungia uchafu ndani. Fedha ya kwanza iende kwenye sabuni na brashi.

Kabla ya kulipa chochote, jua una ngozi ya aina gani. Safisha sehemu ndogo kwa kitambaa chenye unyevu, iache ikauke, kisha dondosha tone moja la maji na usubiri dakika moja. Tone likisimama kama ushanga, ngozi imepakwa rangi na kufunikwa utando mwembamba wa plastiki. Viti vingi vya magari ya sasa viko hivyo. Tone likizama na kuacha doa jeusi, ngozi haikupakwa, au utando umekwisha kulika. Pikapu za Ford F-150 za toleo la King Ranch zinajulikana kwa ngozi inayonyonya kuliko ya matoleo mengine, hivyo mwenye gari hilo asiruke jaribio hili. Kumbuka pia kwamba katika pikapu nyingi ni pale unapokalia na kuegemea tu penye ngozi halisi. Ubavu na mgongo wa kiti mara nyingi ni ngozi bandia, nayo inahitaji kusafishwa tu. Mafuta hayaingii hata ukipaka chupa nzima.

1. Sabuni ya ngozi ya maji, pamoja na brashi laini

Hii ndiyo inayobadilisha kiti. Tafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi, yenye maji kama msingi wake, na ambayo kibandiko kinasema pH yake, yaani kipimo cha asidi na magadi, haiegemei kwenye magadi. Ngozi yenyewe ina asidi kidogo, pH kati ya 4 na 5 hivi. Sabuni ya kufulia au ya mche hufika 9 au 10, na ikitumiwa mara kwa mara hudhoofisha utando na kuikausha ngozi. Kuna watengenezaji wanaouza nguvu mbili, kwa mfano Colourlock ya Ujerumani: nyepesi kwa usafi wa kawaida, kali kwa uchafu wa miaka. Kwa gari uliloachiwa na mtu mwingine, osha mara ya kwanza kwa ile kali, halafu baki na nyepesi.

Chupa ya mililita 250 inatosha. Viti viwili vya mbele vilivyochakaa hula mililita 60 hadi 100 mara ya kwanza, na chini ya nusu ya hapo baadaye. Brashi iwe ya manyoya ya farasi au ya nailoni laini sana: ukiipitisha juu ya mkono wako na ikakwaruza, ni ya zulia, si ya ngozi. Ongeza vitambaa vya mikrofaiba vinne au vitano vya rangi nyeupe, ili uone uchafu unavyotoka na ujue wakati wa kuacha.

Kazi yenyewe haina haraka. Nyonya vumbi kwanza kwa mashine, hasa kwenye mishono, kwa sababu chembe za mchanga zikibaki chini ya brashi zinageuka msasa. Jaribu sabuni sehemu iliyofichika, nyuma ya kiti chini, uone kama rangi inahamia kwenye kitambaa. Kisha nyunyiza sabuni kwenye brashi, si kwenye kiti. Hili lina uzito mkubwa kwenye viti vyenye vitundu, kwani sabuni ikizama humo hukauka na kuacha nukta nyeupe. Chini ya kiti cha abiria mara nyingi kuna kihisio kinachojua kama mtu amekaa, na ndani ya viti vingine kuna waya za kupasha joto. Vyote havipendi maji.

Sugua eneo la upana wa sentimita 30 kwa mizunguko mepesi, sekunde 30 hivi, mpaka povu ligeuke kahawia. Lipanguse kabla halijakauka, maana likikauka uchafu unarudi ulikotoka. Pitisha kitambaa kingine chenye unyevu wa maji matupu, halafu kikavu. Rudia mpaka kitambaa cheupe kitoke karibu kilivyoingia. Ukingo wa dereva huweza kudai mara tatu au nne. Utajua umemaliza pale mng'ao unapotoweka na vidole vikaanza kushika ngozi badala ya kuteleza. Kitambaa kikianza kutoa rangi ya kiti badala ya uchafu, simama hapo hapo: utando umekwisha, na sasa unaosha rangi.

2. Losheni ya ngozi yenye maji na kinga ya jua

Inashika nafasi ya pili kwa sababu kwenye ngozi iliyopakwa haizami sana. Faida yake ni kupunguza msuguano na milio ya kiti, kuukinga utando usikauke kwa jua, na kulisha sehemu ambazo utando umepasuka. Lexol ni mfano unaopatikana kwa urahisi wa jozi ya sabuni na losheni zinazouzwa kwa chupa tofauti, na mfumo huo wa chupa mbili ndio tunaoupendekeza. Chagua isiyo na harufu kali, isiyoacha utelezi, na inayokauka ikiwa imefifia.

Subiri saa moja au mbili baada ya kuosha, gari likiwa kivulini. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai hadi viwili kinatosha kiti kimoja. Weka kwenye kitambaa, paka tabaka jembamba, acha dakika 15 hadi 30, kisha futa kila kilichobaki juu. Kosa la kawaida ni kupaka nyingi: ziada hainyonywi, hubaki ikinata na kukusanya vumbi, na ndani ya mwezi ule mng'ao wa uchafu umerudi.

3. Kinga ya juu

Ni kimiminika chembamba kinachoacha tabaka la kuzuia rangi ya jinzi na jasho. Kama viti ni vya rangi ya maziwa au kijivu, ipandishe iwe ya pili, kwa sababu buluu ya jinzi ikishaingia kwenye utando huenda isitoke tena. Kwa viti vyeusi unaweza kuiacha. Inapakwa baada ya kusafisha, kabla ya losheni yoyote, la sivyo haishiki.

4. Chupa moja inayodai kusafisha na kulainisha

Inafaa kwa kupangusa kiti ambacho tayari ni kisafi. Kwa uchafu wa mwenye gari aliyepita haitoshi: inausambaza, kisha inaupaka losheni.

5. Mafuta mazito ya ngozi

Hapa yamo mafuta ya kwato za ng'ombe, mafuta ya mink (mnyama mdogo wa manyoya) na vilainishi vizito vya chupa. Ni vizuri kwa tandiko la farasi, buti, na kwa ngozi isiyopakwa iliyokakamaa. Kwenye ngozi iliyopakwa hukaa juu na kunata, na yakipenya kwenye nyufa hutia giza lisilofutika. Yanunue tu kama tone la maji lilizama, na ujaribu mahali pa siri kwa saa 24 kabla ya kuendelea.

Visinunuliwe

Ving'arisha dashibodi vyenye silikoni vinafanya kiti kiteleze, na ubaya wake mkubwa huonekana baadaye: siku ukitaka kupaka rangi upya, rangi haitashika. Sabuni ya matandiko ya farasi ina magadi, haikutengenezewa utando huu. Sponji nyeupe ya kufuta ukutani ni msasa laini. Inatoa doa kwa kukwangua utando. Thina na asetoni huyeyusha rangi mara moja, na spiriti huifuata polepole. Mafuta ya zeituni na ya nazi huchacha ndani ya kiti, na rangi ya viatu itahamia kwenye nguo ya atakayekaa.

Kuna jambo moja ambalo hakuna chupa kati ya hizi inayoliweza: ufa. Losheni huufanya usionekane kwa siku kadhaa tu, kwa vile inatia unyevu kingo zake. Kama ngozi imepasuka rangi pekee, nunua seti ya kukarabati yenye kisafishaji cha kuondoa mafuta, kijazio, rangi ya kiti chako na utando wa juu. Ondoa mafuta, piga msasa namba 600 kidogo, jaza kwa matabaka membamba ukisubiri kila moja likauke, paka rangi kwa sponji mara tatu au nne, malizia na utando. Acha kiti siku nzima kabla ya kukikalia. Mshono wa ubavuni wenye kibandiko cha mfuko wa hewa usiuguse kwa gundi wala kijazio, kwani umeshonwa ili upasuke mfuko unapofunguka.

Ufa ukishafika kwenye nyuzi za ngozi, ukivuta kingo unaona sponji, usinunue seti. Nunua kipande kipya cha kufunika sehemu ya kukalia kilichoshonwa kwa modeli yako, na mafundi wa viti watakivisha bila kugusa sehemu nyingine.

Baada ya usafi mkubwa wa mwanzo, panga sabuni nyepesi kila mwezi mmoja au miwili kwenye kiti cha dereva, losheni mara mbili au tatu kwa mwaka, na vingine vyote nusu ya hapo. Gari linalolala juani liongezewe kizuizi cha jua cha kioo cha mbele.