Zadig: programu ndogo iliyokifufua kipokezi changu
Kwa juma zima kipokezi changu cha redio chenye chipu ya RTL2832U, iliyoundwa kwa ajili ya televisheni ya dijitali na ambayo wapenzi wa redio wanaitumia kusikiliza masafa mengine tangu 2012, kiliwasha taa yake kama kawaida, ilhali programu ya kusikilizia ilisisitiza kwamba hakuna kifaa kilichounganishwa. Kifaa kilikuwa kizima. Kompyuta ndiyo iliyokipa draiva ya televisheni, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa, na haikufaa kwa usikilizaji wangu.

Zadig, inayopatikana bure, huweka WinUSB, draiva ya jumla ya Windows kwa vifaa vya USB, mahali pa draiva hiyo kwa muda usiozidi dakika chache. Unafungua Options, unachagua List All Devices, kisha unatafuta Bulk-In, Interface (Interface 0), jina ambalo kipokezi huonekana nalo, na kwangu namba za USB zinazokitambulisha zilisomeka 0BDA na 2838. Zihakiki kabla ya kubonyeza, kwa kuwa orodha hiyohiyo huweza kuonyesha kibodi na kipanya, navyo vikipewa draiva isiyo yake huacha kufanya kazi.

Natamani ingekuwa na kitufe cha kurejesha draiva ya awali, kazi ambayo bado hufanyiwa kwenye Device Manager, sehemu ya Windows ya kusimamia vifaa. Vilevile, ukihamishia kipokezi kwenye tundu jingine la USB, huenda ukalazimika kurudia hatua zote.