Mafunzo ya usalama ya siku 3 kwa wanaoenda kujitolea kwenye maeneo ya vita, Milimani Kisumu

Nililipa elfu nane na sijutii, ila kuna kitu kimoja bado kinaniuma. Mimi ni nesi, naenda kujitolea Sudan Kusini miezi sita, na mama alikataa kabisa mpaka nipitie haya mafunzo kwanza.

Siku ya kwanza ni kukaa na kuskiza tu, ukumbi una joto balaa. Siku ya pili ndio kazi. Tuliingizwa kwa gari watu wanne, vijana wakatusimamisha kwa kizuizi wakipiga kelele, na mkono wangu ukaenda moja kwa moja kwa simu. Mwalimu, mzee amekaa Somalia miaka mingi, akanishika hapo hapo: simu usiguse, mikono ionekane, miwani toa, usiku washa taa ya ndani, na aongee mtu mmoja tu. Tulirudia mara tano mpaka jasho. Halafu kila mtu akaandika maswali ambayo jibu lake analijua yeye na watu wa kwao tu, ndio ukitekwa wajue kweli uko hai. Mimi niliandika jina la ng'ombe wa dani, nyanya yangu, kule Siaya, nikashindwa kumaliza karatasi.

Hakutudanganya ati nembo kwa gari ni ngao. Alitupa mfano wa wale 7 wa World Central Kitchen, shirika la kugawa chakula, waliouawa Gaza Aprili 2024, magari yana nembo na jeshi la Israeli limeambiwa safari yao mapema, na bado. Na akasema wengi wanaouawa ni wenyeji, madereva na manesi wa hapo hapo, majina yao hata hatuyaskii.

Sasa kinachoniuma. Niliuliza mara mbili, mtu wa kujitolea akipigwa risasi, ndege ya kumtoa inalipwa na nani? Wakasema niulize shirika langu, basi. Nilirudi nyumba nikasoma bima niliyopewa, ukurasa wa mwisho kabisa imeandikwa hailipi majeraha ya vita. Ya vita! Na huko ndio naenda. Hilo lilifaa kuwa somo la kwanza, kabla hata ya bandeji.

Nawapa 4 kwa 5. Ukienda beba bima yako, mwombe huyo mzee muisome pamoja saa ya lanchi. Mimi nimesukuma safari mpaka nipewe bima ingine.