Call of Pripyat kwenye laptopu ya mitumba: uzoefu wangu

Gemu nyingi za kutisha hunichosha. Kitu kinakurukia kutoka gizani, unashtuka, unacheka, imeisha. S.T.A.L.K.E.R.: Call of Pripyat, iliyotoka mwaka 2009 kwa mkono wa GSC Game World ya Ukraine, haina papara hiyo. Inakuacha utembee. Unakata majani marefu kwa muda bila kukutana na mtu, mbwa wanabweka mbali, kipimo cha mnururisho (mionzi) kinaanza kulia tik, tik, na ndipo unagundua umekaza meno.

Niliichagua kwa sababu ya mfuko. Gemu mpya za namna hii zinadai mashine ambayo mshahara wangu haujaifikia, na laptopu yangu ni ya mitumba, niliyoitoa barabara ya Luthuli, Nairobi. Gemu hii laptopu inaibeba bila kulalamika. Picha zimezeeka, sikatai. Nyuso za watu zinafanana kama ndugu. Lakini anga, mvua na sauti bado vinafanya kazi yao.

Wewe ni Meja Degtyarev wa idara ya usalama ya Ukraine, umejificha miongoni mwa wazururaji ili ujue kwa nini helikopta 5 za jeshi zilianguka. Hadithi hiyo mimi naiona ni kisingizio cha kukupeleka mahali. Na mahali penyewe pana uzito, kwa kuwa Pripyat ni mji wa kweli. Ulianzishwa 1970 kwa ajili ya wafanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Chernobyl. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986 kinu nambari 4 kililipuka. Kesho yake wakazi karibu 50,000 walipakiwa kwenye mabasi, wakiambiwa wanaondoka kwa siku chache tu. Watengenezaji wameongeza la kwao: janga la pili, la kubuni, mwaka 2006, lililoijaza ardhi mitego isiyoonekana na viumbe ambavyo afadhali usikutane navyo.

Mitego hiyo ndiyo inayokufundisha adabu. Pengine hewa inacheza kidogo tu mbele yako, na ukipita hapo unachomwa, au unarushwa juu kama karatasi. Kwa hiyo unarusha bolti mbele, unatazama, unasogea, unarusha nyingine. Binamu yangu, mtu wa mpira wa FIFA, alisimama nyuma yangu akiangalia nikirusha bolti kwenye majani. “Sasa hapa goli liko wapi?” akauliza, akaenda zake jikoni.

Sehemu ya kwanza, Zaton, ni kinamasi chenye meli zilizokwama, na moja yao, Skadovsk, imegeuzwa maskani: baa, fundi wa bunduki, mahali pa kulala. Huko utakutana na dhoruba. Redioni wanatangaza inakuja, anga linakuwa jekundu, ardhi inatetemeka, na usipopata pa kujificha umekwisha. Nilikimbilia pango huku moyo ukinidunda nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mtaani Umoja, gorofa ya nne. (Vodka nayo, ndani ya gemu, inapunguza mnururisho mwilini na kukulewesha hapo hapo, hadi kioo kizima kinayumba. Madaktari na waruke mstari huu.)

Kufika Pripyat ni kupitia handaki refu lenye gesi, ukiongozana na kikosi ulichokikusanya mwenyewe, na lazima uvae suti yenye hewa yake. Nilikuwa mle ndani stima ilipopotea mtaa mzima. Betri ikashika, nikaendelea, chumba na handaki vikiwa giza moja. Sikupanga hivyo, ila sijui kama kuna namna bora zaidi ya kulipita.

Ukitoka upande wa pili unakutana na magorofa. Hakuna muziki wa kukuambia uogope. Ni madirisha tu, mengi mno, na miti iliyootea barabarani. Waliokuwa katikati ya jiji mwishoni mwa Machi 2020, kafyu ya korona ilipoanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, watanielewa: barabara ya Tom Mboya bila makanga, bila muuza njugu, taa zikimulika lami tupu. Pripyat ni hiyo, ila saa kumi na moja alfajiri haifiki. Mkazi wa Nairobi amezoea kukerwa na kelele. Hapa nilijikuta nikisimama chini ya gorofa moja nikisikiliza kama kuna mtu atafungua hata bomba la maji. Nilipigwa risasi nikiwa katika hali hiyo, na wala sikukasirika.

Anayetaka mapigano ya mfululizo asihangaike nayo. Bunduki za mwanzo zinakwama ovyo na mizigo inakulemea. Anayependa kuzurura mahali palipoachwa aivalie hedifoni, acheze usiku, na asisome mwongozo wowote kabla ya kuingia Zaton. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa kuwa majengo mengi ya Pripyat ni kuta tupu zisizoingilika, na mji uliobeba jina la gemu unaupata mwishoni, wakati safari inakaribia kuisha.