Nani kamlipa influensa? Tathmini ya hifadhi ya FARA na maktaba ya matangazo ya Meta

Influensa akiposti sabuni, mlipaji anajulikana, maana sabuni yenyewe imo kwenye picha. Akianza ghafla kuisifu serikali ya mbali, kutetea upande mmoja wa vita vya watu wengine au kupinga mswada kwa maneno yaliyoandikwa Ulaya, mlipaji haonekani popote. Hapo ndipo watu huambiwa waingie kwenye zana za uwazi watafute. Zana hizo ni za bure na ziko kadhaa, ila mbili ndizo zinazostahili muda wa mtu: hifadhi ya FARA, yaani ya sheria ya kusajili mawakala wa nchi za nje, iliyo chini ya Wizara ya Sheria ya Marekani, na Meta Ad Library ya kampuni inayomiliki Facebook na Instagram. Ya kwanza inakupa mkataba na hela, lakini ni kwa kazi inayolenga Marekani tu. Ya pili inakupa jina la influensa na la mfadhili, bila hela aliyolipwa influensa. Anayetafuta kutoka Nairobi au Dar es Salaam atafaidika na zote mbili akijua zinaishia wapi.

FARA ni sheria ya mwaka 1938. Mtu au kampuni yoyote inayofanya kazi ya siasa au ya kujenga taswira ndani ya Marekani kwa niaba ya serikali, chama au taasisi ya nje inatakiwa kujisajili ndani ya siku 10 tangu ikubali kazi hiyo. Adhabu ya kukiuka kwa makusudi inafika kifungo cha miaka 5. Kwa msomaji, uzuri wa sheria hii ni kwamba makaratasi yote huwekwa hadharani kwenye efile.fara.gov. Huhitaji akaunti wala malipo, na unapakua PDF moja kwa moja.

Ukiingia, usianze na jina la influensa. Hilo ndilo kosa la kawaida, na matokeo yake ni ukurasa mtupu unaomfanya mtu aamini kwamba hakuna kitu. Anza na nchi: fungua orodha ya wakuu wa kigeni (Foreign Principals, yaani serikali, vyama na taasisi za nje zinazofanyiwa kazi), chagua nchi unayoishuku, kisha soma kampuni zilizosajiliwa chini yake. Ukipata kampuni, fungua hati iitwayo Exhibit AB. Humo ndimo unapokaa mkataba wenyewe, na mara nyingi kiambatisho cha mwisho ndicho chenye utamu: ratiba ya kazi, idadi ya posti, mitandao itakayotumika, hadhira inayolengwa na awamu za malipo. Kurasa za mwanzo ni fomu tu, zipite haraka.

Mfano unaoonyesha jinsi hati hizi zinavyoweza kuwa wazi ni wa Vippi Media, kampuni ya New Jersey iliyoingia mkataba na ubalozi mdogo wa China mjini New York mnamo Novemba 2021, kwa dola 300,000, kabla ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Beijing. Mkataba uligawa hata maudhui kwa asilimia: 70 utamaduni na maisha ya Beijing, 20 ushirikiano na mambo mazuri ya uhusiano wa China na Marekani, 10 habari za ubalozi huo. Uzito wa mgawo huo uko kwenye ile 70. Ukitazama posti moja moja unaona vyakula, theluji na majengo, na huoni siasa hata kidogo. Siasa imo katika mpangilio, na mpangilio unaonekana kwenye mkataba peke yake. Ndiyo maana anayehukumu kwa kutazama video tu atamwona aliyelipwa kama mtalii mwenye furaha.

Mfano wa pili unaonyesha uwezo wa hifadhi hii na pia pengo lake kubwa. Septemba 2025 kampuni ya Bridges Partners ilijisajili kwa kazi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Israel, kazi iliyopitia tawi la Ujerumani la kampuni ya matangazo ya Havas. Jina la kampeni lilikuwa Esther Project, ankara zilifika dola 900,000 kuanzia Juni hadi Novemba, na walengwa wa ajira walikuwa influensa 14 hadi 18. Waandishi wa jarida la mtandaoni la Responsible Statecraft walichukua kiasi kilichobaki kwa mainfluensa baada ya kuondoa gharama nyingine, yaani dola 552,946 kwa miezi ya Juni hadi Septemba, wakakigawa kwa posti 75 hadi 90 zilizotarajiwa. Jibu: kati ya dola 6,143 na 7,372 kwa posti moja.

Hesabu ya namna hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwa mkataba wowote wenye idadi ya posti, ila chunga mambo mawili. Usigawe jumla yote ya mkataba, maana humo mna wanasheria, ada za benki na uzalishaji. Pia, idadi ya posti iliyoandikwa ni makadirio ya kabla ya kazi, kwa hiyo unachopata ni bei iliyopangwa. Usiitangaze kama risiti ya mtu fulani.

Pengo lenyewe ni kwamba majina ya mainfluensa hao hayakutajwa kwenye hati hizo. Unajua nchi, unajua kampuni, unajua bei, lakini hujui uso. Watu wengi walikimbilia kubahatisha majina mitandaoni, na hilo ni kosa baya, kwa sababu mtu mwenye msimamo wake wa dhati anaweza kuitwa kibaraka bila ushahidi wowote. Njia ya subira ni kurudi baada ya miezi sita kutafuta Supplemental Statement. Hiyo ni taarifa ya nusu mwaka inayoorodhesha malipo yaliyotoka: tarehe, aliyelipwa, sababu na kiasi. Linganisha majina ya kampuni ndogo zilizolipwa na kampuni ambazo mainfluensa wamesajili kwa biashara zao. Fungua pia Informational Materials, ambamo nyenzo zilizosambazwa zinatakiwa ziwasilishwe ndani ya saa 48. Hapa ubora unatofautiana sana: kampuni moja inaweka kila kitu, nyingine kidogo tu.

Na kuna ambao hawajisajili kabisa. Septemba 4, 2024, waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki wafanyakazi wawili wa kituo cha serikali ya Urusi cha RT, wakidai walipitisha karibu dola milioni 10 kwenda kwa kampuni ya Tennessee, ambayo vyombo vya habari viliitambua kuwa Tenet Media. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, mmoja wa wachambuzi aliahidiwa dola 400,000 kwa mwezi kwa video nne za kila wiki, juu yake dola 100,000 za kusaini, na mfadhili aliyetajwa kwao alikuwa mtu wa kubuni. Wachambuzi wenyewe hawakushtakiwa, na waliojitokeza walisema wamedanganywa. Ungeitafuta kazi hiyo kwenye hifadhi wakati ikiendelea usingeona hata herufi. Basi ukurasa mtupu wa FARA usomwe kama "haijasajiliwa", usisomwe kama "hajalipwa". Tena tangu Februari 5, 2025 Mwanasheria Mkuu wa Marekani ameagiza mashtaka ya jinai chini ya sheria hii yabaki kwa vitendo vinavyofanana na ujasusi wa kawaida. Hofu ya kutojisajili imepungua, na thamani ya hifadhi inashuka pamoja nayo. Ni hasara kwa kila anayetaka kujua ukweli, Mmarekani na asiye Mmarekani.

Meta Ad Library ni chombo cha tabia nyingine. Iko rahisi zaidi, inafunguka hata kwenye simu ya bei ndogo, na wengi hawajui kwamba ina vyumba viwili tofauti. Chumba cha kwanza ni cha matangazo yaliyolipiwa kwa Meta yenyewe. Chagua nchi, kisha badala ya kuacha aina zote chagua kundi la masuala ya jamii, uchaguzi na siasa. Matangazo ya kundi hilo hubaki kwa miaka 7, yakiwa na jina la aliyelipia, kiasi kwa viwango vya chini na juu, idadi ya mara yaliyoonekana, na mgawanyo wa umri, jinsia na mkoa. Ukiacha aina zote, nje ya Ulaya utaona tu yanayoendelea wakati huo. La jana limeshapotea.

Chumba cha pili kinaitwa Branded Content, na ndicho kinachomhusu influensa hasa. Humo mna posti zilizowekewa lebo ya ushirikiano wa kulipwa tangu Agosti 17, 2023. Andika jina la akaunti yake au la mfadhili, weka tarehe, utapata nani alimlipa nani na lini. Kiasi hakimo. Udhaifu mkubwa ni kwamba lebo anaiweka influensa mwenyewe. Asipoiweka, posti haiingii. Kwa sabuni na mafuta ya nywele lebo huwekwa kwa sababu kampuni inataka kujulikana. Anayelipia propaganda hataki, na mkataba wake hautamwomba influensa aweke lebo. Kwa hiyo chumba hiki kinafaa zaidi kwa bodi za utalii na mashirika ya umma ya nchi za nje kuliko kwa kampeni za vita na uchaguzi.

Kosa linalojirudia ni kuchanganya vyumba hivi. Mtu anatafuta influensa kwenye matangazo ya siasa, hamkuti, anahitimisha kwamba ni msafi. Posti ambayo haikupewa msukumo wa kulipia kwa Meta si tangazo machoni mwa Meta, hata kama mwenye posti amelipwa mamilioni pembeni. Kwa Umoja wa Ulaya chumba cha kwanza nacho kimepungua: Meta iliacha kupokea matangazo ya siasa huko Oktoba 2025, sheria mpya ya uwazi ilipoanza kutumika.

Zilizobaki hazichukui muda. Kituo cha uwazi cha Google kinaonyesha matangazo yaliyonunuliwa Google. Udhamini uliosemwa ndani ya video ya YouTube haumo, na kile kisanduku cha "ina matangazo ya kulipiwa" hakina hifadhi ya kutafutia. TikTok imekataza matangazo ya siasa tangu 2019, jambo linaloonekana jema mpaka ukumbuke kwamba kilichokatazwa hakiwekewi kumbukumbu. Romania iliyaona hayo mwaka 2024: mainfluensa wa TikTok walilipwa kueleza sifa za rais bora bila kutaja jina, sifa hizo zikamfaa mgombea Călin Georgescu, na mahakama ya katiba ikafuta uchaguzi Desemba 6. Baadaye uchunguzi wa kodi ulielekeza malipo ya sehemu ya kampeni hiyo kwa chama cha humo humo nchini. Wengi walikuwa tayari wameshaapa ni hela ya nje. Ona jinsi ilivyo rahisi kukosea mlipaji.

Kwetu, biashara hii haina mkataba wa kupakua. Ripoti ya taasisi ya Mozilla ya Septemba 2021 kuhusu Kenya ilihesabu kampeni 11, tweets zaidi ya 23,000 na akaunti zaidi ya 3,700, na ikaeleza malipo ya dola 10 hadi 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku, maelekezo yakitoka kwenye makundi ya WhatsApp na hela ikiingia kwa M-Pesa. Nyingi zilikuwa siasa za ndani. Mapema 2022 watafiti hao hao walionyesha njia ile ile ikitumiwa kupinga mswada wa afya ya uzazi, safari hii wakilitaja shirika la CitizenGO lenye makao yake Uhispania. Weka zile dola 7,000 za posti moja ya Marekani kando ya dola 10 za Nairobi uone kwa nini hakuna karatasi: malipo madogo kiasi hicho hayahitaji ankara.

Hapa zana ni macho na kumbukumbu. Kwenye X, tafuta hashtegi ukiongeza since: na until: zenye tarehe, urudi nyuma hadi posti ya kwanza kabisa. Soma 20 za mwanzo. Angalia kama kosa lile lile la tahajia linajirudia kwenye akaunti tofauti, maana maneno yanayonakiliwa kutoka kundi la WhatsApp hunakiliwa na makosa yake. Tazama wiki mbili za nyuma za kila akaunti: jana bando, juzi kampuni ya kamari, leo sheria ya nchi ya mbali, kisha kimya. Mtu mwenye imani na jambo huwa ameligusa kabla na hulirudia baadaye.

Hifadhi kabla hujauliza. Picha ya skrini haitoshi. Weka kiungo kwenye web.archive.org au archive.today na uandike saa. Agosti 2025, mainfluensa wa Afrika Kusini walipokosolewa kwa kuipigia debe Alabuga Start, mpango wa Urusi unaohusishwa na kiwanda cha droni za kivita, baadhi ya video zilifutwa upesi. Ukishahifadhi, mwandikie mwenye akaunti umuulize wazi: umelipwa, na nani? Mainfluensa wengi wadogo wanamjua wakala tu, mlipaji wa juu hawajawahi kumwona. Jibu la namna hiyo liandike kama lilivyo, pamoja na jina la wakala, kwa sababu hilo ndilo jina utakaloanza nalo ukirudi kwenye hifadhi ya FARA au kwenye sajili ya makampuni.